Kitabu Kinapomshitaki Mwandishi Wake

Kuna swali la zamani linalouliza kama maovu ya mtu yanaweza kukichafua kitabu alichokiandika. Wanaolijibu hugawanyika makundi mawili. Wapo wasemao kwamba kitabu kikishatoka mikononi mwa mwandishi kimekuwa kiumbe kingine, kinajitegemea, na hakidaiwi madeni ya aliyekizaa. Wapo pia wanaoshikilia kwamba aliyeshirikiana na dhuluma hawezi kutufundisha haki, kwa hiyo vitabu vyake viondolewe madarasani, sanamu zake zishushwe, na jina lake lisitajwe ila kwa kulaaniwa. Majibu haya yanapingana, lakini yote mawili yanakiweka kitabu kizimbani: kundi la kwanza linakiachia huru, la pili linakitia hatiani. Mimi nataka kuuliza kinyume chake. Je, kitabu chenyewe hakiwezi kuwa shahidi, au hata mshitaki, na mwandishi ndiye akasimama kizimbani? Hoja yangu naijenga juu ya kisa cha Mihail Sadoveanu, mwandishi na mwanasiasa wa Romania aliyepanda hadi kileleni katika fani zote mbili. Riwaya yake iliyo bora kuliko zote, kwa maoni yangu, ilikwisha kuandika hati ya mashtaka dhidi yake yapata miaka kumi na mitano kabla kosa halijatendwa.

Sadoveanu alizaliwa tarehe 5 Novemba 1880 huko Pașcani, mji mdogo wa Moldavia, kaskazini mashariki mwa Romania. Baba yake alikuwa mwanasheria. Mama yake, Profira, alitoka katika ukoo wa wachunga kondoo na hakujua kusoma. Mwaka 1904 kijana huyo alitoa vitabu vinne kwa mpigo, na Nicolae Iorga, mwanahistoria ambaye neno lake lilikuwa na uzito mkubwa katika fasihi ya siku zile, akautangaza mwaka ule kuwa ni mwaka wa Sadoveanu. Tangu hapo kalamu haikupumzika. Aliongoza jumba la maonyesho la taifa mjini Iași kuanzia 1910 hadi 1919, akaingia katika Akademia ya Romania mwaka 1921, akaendelea kuandika mpaka vitabu vyake vikakaribia mia. Watu wake ni wakulima, wachunga kondoo, wavuvi, watawa, na askari wa watawala wa kale wa Moldavia. Kiromania chake kina ladha ya mazungumzo ya vijijini na ya vitabu vya kanisa vya zamani, na hilo ni jambo la kuliweka moyoni, kwa sababu lugha hiyo hakuizua yeye. Aliipokea kwa watu wa aina ya mama yake, watu wasiojua kusoma, akaifanya kuwa fahari ya taifa zima. Waliompa lugha ndio waliompa jina.

Siasa hakuianza uzeeni. Katika miaka ya 1920 alijiunga na chama cha Jenerali Alexandru Averescu akaingia bungeni. Mwaka 1931, Iorga alipokuwa waziri mkuu, Sadoveanu alikuwa rais wa Seneti. Alipanda ngazi za juu za chama cha Freemason. Mwaka 1936 alichukua uongozi wa magazeti ya Adevărul na Dimineața, magazeti ya kidemokrasia yaliyochukiwa mno na wazalendo wa mrengo mkali wa kulia, na mwaka uliofuata vitabu vyake vikachomwa moto hadharani. Hata hivyo, Mfalme Carol wa Pili alipojitwalia madaraka yote, Sadoveanu alikuwamo tena katika Seneti. Wanaomtetea husema kila serikali ilimtumia kwa sababu kila serikali ilimhitaji. Huenda ni kweli. Lakini mtu anayehitajiwa na kila serikali ana jambo ambalo raia wa kawaida hana, nalo ni kwamba akikataa, kukataa kwake kunaonekana.

Baada ya vita, majeshi ya Kisovieti yakiwa nchini, alitoa mwaka 1945 mhadhara wenye jina lililokuja kumnata kama kivuli: Nuru Yatoka Mashariki. Uchaguzi wa Novemba 1946, ambao wanahistoria wamekwisha kuthibitisha kuwa uliibwa, ukampeleka kwenye kiti cha spika wa bunge. Tarehe 30 Desemba 1947 Mfalme Mihai alilazimishwa kujiuzulu. Siku hiyohiyo bunge alilolisimamia Sadoveanu likatangaza jamhuri, naye akawa mmoja wa watu watano walioshika pamoja nafasi ya mkuu wa nchi. Kuanzia 1948 alikuwa mmoja wa manaibu wa rais wa Presidiamu, chombo kilichosimama mahali pa mfalme. Mnamo Januari 1958, rais wa Presidiamu Petru Groza alipokufa, Sadoveanu alikuwa miongoni mwa walioshika ukuu wa nchi kwa siku chache. Alipewa makazi ya kifahari huko Ciorogârla, karibu na Bucharest, mali iliyotwaliwa kutoka kwa mwanahabari aliyekimbilia ughaibuni. Mwaka 1961 alipokea Tuzo ya Amani ya Lenin. Alikufa tarehe 19 Oktoba mwaka huohuo, akazikwa kwa heshima zote katika makaburi ya Bellu.

Sasa tukifungue kitabu. Kinaitwa Baltagul, yaani shoka, na kilitoka mwaka 1930. Ili kukielewa lazima kwanza nitaje utenzi mfupi wa mapokeo uitwao Miorița, ambao Vasile Alecsandri aliuchapisha mwaka 1850 na ambao kila Mromania anaujua. Ndani yake wachunga kondoo wawili wanapanga kumuua mwenzao wa tatu kwa tamaa ya mifugo yake. Kondoo wake mmoja anamwonya. Mchunga kondoo huyo hakimbii wala hashiki silaha. Anaeleza jinsi anavyotaka kuzikwa, karibu na mifugo yake, kisha anaagiza mama yake aambiwe kwamba mwanawe ameoa binti mfalme, asiambiwe kwamba ameuawa. Vizazi vya Waromania vimebishana juu ya utulivu huu. Wengine wameuona kuwa ni hekima ya kidini, roho inayoyapokea mauti kama arusi yake na ulimwengu. Wengine wameuona kuwa ni udhaifu wa watu wanaomwinamia mwuaji bila hata kupiga ukunga.

Sadoveanu aliuchukua mkasa uleule akauanza pale utenzi unapoishia, kwa kuuliza habari za waliobaki nyumbani. Nechifor Lipan, mfugaji wa milimani, ameondoka kwenda Dorna kununua kondoo na hajarudi. Mkewe Vitoria anasubiri. Anamwota mumewe akiwa juu ya farasi, amempa kisogo, anavuka maji meusi. Anakwenda kwa kasisi, anakwenda kwa mpiga ramli, anafunga Ijumaa kumi na mbili, anahiji kwenye monasteri ya Bistrița kusali mbele ya picha takatifu ya Mtakatifu Anna, na mwishowe anakwenda mjini kwa wakuu wa serikali. Kisha anaacha yote hayo, anamwekea mwanawe Gheorghiță shoka jipya begani, na wawili hao wanashika njia aliyopita marehemu. Hoteli za njiani, vilabu vya pombe, vituo vya polisi, harusi moja, ubatizo mmoja: kila mahali mwanamke huyu anauliza swali lilelile kwa sauti ya adabu. Anagundua kwamba wafugaji watatu walionekana upande mmoja wa mlima na wawili tu upande wa pili. Basi mumewe yuko katikati. Mbwa wa marehemu, aliyekuwa amehifadhiwa na watu baki, ndiye anayewafikisha kwenye korongo ilipolala mifupa.

Kinachonistaajabisha kila nikiisoma sehemu hii ni mpangilio wa mambo anayoyafanya Vitoria akishaipata mifupa hiyo. Hakimbilii kisasi, ingawa tayari anawajua wauaji. Kwanza anawasha taa. Anamwacha mwanawe akeshe na baba yake usiku kucha, chini kule korongoni, kwa sababu marehemu amekwisha kulala peke yake vya kutosha. Anatafuta kasisi, sanda, jeneza, mvinyo na mkate. Wauaji anawaalika kwenye chakula cha matanga. Na hapo, mbele ya kasisi, mbele ya mwakilishi wa serikali na majirani, anasimulia mauaji hatua kwa hatua, kana kwamba marehemu mwenyewe ndiye aliyemweleza, mpaka Calistrat Bogza, mmoja wa wauaji, anashindwa kujizuia na kumrukia kijana. Kijana anampiga kwa shoka, mbwa anamwuma kooni. Bogza, akiwa anakata roho, anakiri mbele ya wote na kumwomba mjane msamaha. Mjane anamwachia Mungu amsamehe. Halafu, bila kupumzika, anaanza kumpangia mwanawe kazi zilizobaki: kuwachukua kondoo, kumleta binti yake alione kaburi la baba, kuandaa kumbukumbu ya arobaini.

Hii ni zaidi ya hadithi ya upelelezi, ingawa yaweza kusomwa hivyo na mtu akafurahi. Ni fikra nzima kuhusu haki, na fikra hiyo haianzi na adhabu. Inaanza na wajibu kwa aliyekufa: atafutwe, apatikane, atajwe kwa jina lake, azikwe kwa ibada ya watu wake, na namna alivyokufa isemwe hadharani mbele ya jamii iliyokula naye. Mpaka hayo yatimie, hakuna kulima wala kuoza binti. Serikali katika riwaya inapokea malalamiko na kuandika karatasi. Mwanamke asiyejua kuandika ndiye anayeibeba haki mabegani kwa sababu haki, kwake, ni sehemu ya ibada. Kwa hiyo Sadoveanu aliijibu Miorița. Mahali pa mama anayedanganywa kwa huruma kuwa mwanawe ameoa, aliweka mke asiyekubali kudanganywa na yeyote.

Tuchukue basi kanuni hiyo tuipeleke kaskazini kabisa mwa Romania, kwenye mji wa Sighet, mpakani na Muungano wa Kisovieti. Kuanzia mwaka 1950 gereza la mji huo lilijazwa watu waliokuwa viongozi wa nchi: mawaziri wa zamani, maaskofu, wasomi, wengi wao wazee. Zaidi ya hamsini walifia humo. Mmoja wao ni Iuliu Maniu, kiongozi wa chama cha wakulima, aliyekuwa waziri mkuu mara kadhaa. Chama chake kilipigwa marufuku mwaka 1947, Sadoveanu akiwa spika. Maniu mwenyewe akahukumiwa kifungo cha maisha, akafa gerezani Februari 1953 akiwa na miaka 80. Mwanahistoria Gheorghe Brătianu alikufa humo mwaka huohuo. Maiti ziliondolewa kwa siri, zikafukiwa bila jina, bila kasisi, bila jamaa kuambiwa. Si kwamba serikali ilisahau taratibu za mazishi. Makusudi yake yalikuwa asije Vitoria yeyote akashika njia kuuliza.

Na Sadoveanu hakuwa mtu wa pembeni aliyekuwa akisikia minong'ono tu. Katiba ya 1948 iliipa Presidiamu haki ya kuwasamehe wafungwa na kuwapunguzia adhabu. Amri ya tarehe 1 Desemba 1948, iliyolifuta Kanisa la Wakatoliki wa ibada ya Kigiriki na kuwaacha maaskofu wake wakielekea magerezani, ilitoka katika chombo hichohicho alichokuwa naibu wa rais wake. Sidai kwamba aliandika amri hizo au kwamba wakuu halisi wa chama cha kikomunisti walimwuliza kabla ya kuzitoa. Madaraka ya kweli yalikuwa kwa Gheorghe Gheorghiu-Dej na wenzake. Nadai jambo dogo zaidi ambalo linatosha: jina la mtu aliyewafundisha Waromania kwamba maiti hana budi kutafutwa lilikaa miaka kumi na zaidi juu ya mlango wa nyumba iliyoficha maiti.

Pingamizi la kwanza ni la hofu. Tutawezaje, watu wanaokaa salama, kumdai ushujaa mzee aliyekuwa na miaka 64 vita ilipokwisha? Swali hili ni zito na sitaki kulirukia. Sioni kwamba mtu yeyote ana haki ya kumdai mwenzake afie gerezani. Ila pingamizi linachora nchi yenye milango miwili tu, gereza na ikulu, na Romania ya miaka ile, pamoja na ukatili wake wote, haikuwa hivyo kwa mtu wa umaarufu wake. Kati ya gereza na kiti cha naibu rais kulikuwa na uwanja mpana. Lucian Blaga, mshairi na mwanafalsafa, alipoteza kiti chake katika Chuo Kikuu cha Cluj mwaka 1948, akaachwa kufanya kazi za maktaba na utafiti, mashairi yake mapya yakabaki kwenye droo, akaishi kwa kutafsiri. Faust ya Goethe kwa Kiromania chake ilitoka mwaka 1955. Naye alikufa 1961, miezi mitano kabla ya Sadoveanu. (Blaga hakuwa malaika, alikuwa naibu waziri kwa majuma machache katika serikali ya kibaguzi ya Octavian Goga mwishoni mwa 1937, na hilo nalo liandikwe.) Vasile Voiculescu, daktari na mshairi, alikamatwa mwaka 1958 akiwa na zaidi ya miaka sabini kwa sababu ya mashairi na mazungumzo ya kidini, akatoka 1962, akafa mwaka uliofuata. Hao ni mipaka ya uwanja huo. Sadoveanu alipenda kuvua samaki, kuwinda na kucheza sataranji kuliko kukaa mikutanoni. Angeweza kuugua. Angeweza kuzeeka. Hilo lingemgharimu nyumba ya Ciorogârla na heshima za mabalozi, na si rahisi kuamini kwamba lingemgharimu zaidi.

Wengine husema aliwasaidia baadhi ya waandishi waliobanwa. Sina sababu ya kukataa. Lakini fadhila hizo, kama zilikuwapo, zina upande wa pili ambao watetezi hawautaji: huwezi kumwombea mtu asiteswe bila kujua kwamba watu wanateswa.

Pingamizi la pili lina nguvu zaidi, nalo ni la imani. Huyu ni mtu aliyeona vitabu vyake vikichomwa na wafuasi wa ufashisti. Iorga, aliyekuwa wa kwanza kumtukuza, alitekwa nyumbani kwake na kuuawa na kikosi cha mafashisti wa Walinzi wa Chuma tarehe 27 Novemba 1940. Mwana wa Sadoveanu, Paul Mihu, naye mwandishi, aliuawa vitani Septemba 1944. Tena alikuwa ameona tangu utotoni jinsi mkulima wa Moldavia alivyokandamizwa, na alikuwa mtu mzima wakati wa uasi wa wakulima wa 1907, uliozimwa kwa damu. Kwa mtu kama huyo, kutumaini kwamba nguvu mpya ingemtendea haki mkulima halikuwa jambo la aibu. Nakubali yote hayo, na nakubali pia kwamba mwaka 1945 mwenye macho mazima angeweza kukosea. Ila imani ya kweli hujipima kwa yanayotokea. Januari 1948 gazeti la chama lilimshambulia Tudor Arghezi, mshairi mkubwa aliyekuwa hai, naye akanyamazishwa kwa miaka kadhaa. Mwaka huohuo Akademia, nyumba ya Sadoveanu tangu 1921, ilisafishwa na wanachama wengi wakafukuzwa. Hayo hayakutokea mbali. Yalitokea kwenye meza aliyokula.

Ushahidi unaoniumiza zaidi ni riwaya ya Mitrea Cocor, ya mwaka 1949. Ni hadithi ya yatima wa kijijini anayeonewa na kaka yake msaga nafaka na bwana shamba, anakwenda vitani, anatekwa na Wasovieti, anafumbuliwa macho, anarudi kuwagawia maskini ardhi. Riwaya hiyo ilipokuwa ikisifiwa kila mahali, kamati kuu ya chama ilikuwa imekwisha kuamua, Machi 1949, kuanza kuwaingiza wakulima katika mashamba ya pamoja, yaani kuwanyang'anya ardhi ileile ambayo Mitrea alikuwa akiigawa kurasani. Wakulima walikataa, na kukataa kwao kulijibiwa kwa polisi. Gheorghiu-Dej mwenyewe, mbele ya kamati kuu mwishoni mwa 1961, akitaka kuwatwika lawama mahasimu wake waliokwisha kung'olewa, alitaja wakulima zaidi ya 80,000 waliofikishwa mahakamani katika kampeni hiyo. Sadoveanu alikuwa amezikwa majuma machache tu kabla. Hao 80,000 ndio watu wake. Ndio waliompa lugha, na kupitia lugha wakampa jina, na jina hilo likatumika kupamba serikali iliyowaswaga mahakamani. Kwa maadili ya Kikristo aliyokulia, na hata kwa yale ya Kiislamu ambayo wasomaji wengi wa Kiswahili wanayajua vizuri, amana hairudishwi kwa adui wa aliyeiweka.

Kuna pingamizi la tatu, la wahakiki wa fasihi, na ndilo linaloigusa hoja yangu moja kwa moja. Watasema kwamba riwaya si sheria. Vitoria Lipan ni mhusika. Mwandishi hakutia sahihi chini ya kila anachokifanya mwanamke huyo, na mimi nimechukua sanaa nikaifanya hati ya mahakama. Watasema tena kwamba dunia imejaa watu walioandika mema wasiyoweza kuyatenda, na tukianza kuwapima wote kwa wahusika wao hatabaki mtu. Najibu hivi. Sisemi kwamba Sadoveanu aliahidi kuishi kama Vitoria. Nasema kwamba hakuna awezaye kuiandika safari ile bila kujua uzito wa maiti asiyezikwa. Uzito huo hauwezi kuigwa kutoka vitabuni. Unasikika katika kila swali la mjane, katika usiku ule wa kijana kukesha na mifupa ya baba yake. Kuandika hivyo ni namna ya kujua, pengine namna ya juu kuliko zote. Na dini zetu zimekubaliana juu ya jambo hili: aliyejua ataulizwa zaidi kuliko asiyejua. Karani wa gereza la Sighet aliyezika watu bila majina huenda hakuwahi kufikiri ni nini anakitenda. Mwandishi wa Baltagul hawezi kujitetea hivyo. Tumezoea kuona kipaji kuwa sababu ya kumpunguzia mtu adhabu, kana kwamba kurasa nzuri zinaweza kuwekwa kwenye mizani dhidi ya amri mbaya. Naona kipaji hapa kinaongeza deni. Kadiri riwaya ilivyo kubwa, ndivyo mwandishi wake alivyojua zaidi.

Hapo ndipo ninapoachana na wanaotaka vitabu vyake viondolewe. Naelewa hasira zao, hasa baada ya Rais Traian Băsescu kuulaani rasmi utawala wa kikomunisti bungeni tarehe 18 Desemba 2006 na taifa kuanza kuhesabu nani alikaa wapi. Lakini kukiondoa Baltagul ni kumfukuza shahidi bora wa mashtaka. Walioanza kuvichoma vitabu vya Sadoveanu mwaka 1937 walikuwa washirika wa wauaji, na moto wao haukumpunguzia mtu yeyote dhuluma. Vilevile naachana na wanaosema tumsome Sadoveanu tukimsahau naibu wa rais. Ukimsahau, umeipunguzia riwaya nguvu yake, kwa sababu umeifanya kuwa kisa cha wachunga kondoo wa zamani, ilhali kinachoulizwa ndani yake kiliulizwa na familia za Romania nzima kwa miaka arobaini, nazo hazikujibiwa. Gereza la Sighet sasa ni jumba la kumbukumbu, kwa juhudi iliyoanzishwa mwaka 1993 na mshairi Ana Blandiana na mumewe Romulus Rusan. Kazi inayofanywa humo, ya kutafuta majina, tarehe na mahali, ni kazi ya Vitoria, wanaoifanya wawe wanaikumbuka riwaya au hawaikumbuki.

Linabaki suala la msamaha, ambalo kwa watu wa dini haliepukiki. Je, si wakati wa kumsamehe mzee huyu, aliyekwisha kwenda mbele ya Mungu wake? Riwaya yenyewe inatufundisha kwa nini swali hilo limekosewa anwani. Bogza hakuomba msamaha kwa majirani, wala majirani hawakumpa. Aliuomba kwa mjane, baada ya kusema mbele ya wote alichokitenda, na hata mjane, mwenye haki kuliko wote waliokaa mezani, alimwachia Mungu. Sisi wasomaji wa mbali hatuna cha kusamehe, kwa kuwa hatukuibiwa ndugu. Wala hatuna cha kukataa kusamehe. Tunachoweza kukidai ni kile cha kwanza tu, kukiri, na Sadoveanu hakukitoa hadharani. Alikufa akiwa na tuzo ya amani mkononi. Kwa kipimo alichokiweka mwenyewe mwaka 1930, amepungukiwa kuliko mwuaji aliyembuni. Kaburi lake pale Bellu lina jina na wageni hulitembelea. Mifupa ya Iuliu Maniu haijatambuliwa mpaka leo.